Ugiriki kwa mara ya kwanza: panga safari kwa kufuata upepo, sio picha za Instagram

Ngoja nianze na kosa langu mwenyewe maana ndilo lililonifanya niandike haya yote. Mwezi wa nane, gatini kwenye kisiwa cha Naxos, watu kibao tumekalia mabegi kama stendi siku ya kuamkia Krismasi, jua linawaka, mbingu haina hata wingu moja, lakini bahari yote nyeupe kwa povu na meli hakuna. Nikaenda dirishani kwa dada wa tiketi, akaniambia neno moja tu, apagoreftiko, akarudi kwenye simu yake. Maana yake meli zimepigwa marufuku kutoka. Ndege yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa Athens kesho yake asubuhi. Ikaondoka bila mimi, na tiketi mpya nikailipia kwa machozi.

Kinachoniuma ni kwamba mimi mtu wa Tanga, nimekua nasikia habari za kaskazi na kusi toka mdogo, najua kabisa bahari ina ratiba yake, ila nilivyofika Ulaya nikajidanganya kwamba huko kila kitu kinaenda na saa. Kule bahari ya Aegean kuna upepo unaitwa meltemi, unatoka kaskazini, msimu wake hasa ni mwezi wa saba na wa nane, na unaweza kuvuma siku 3 mfululizo anga ikiwa safi kabisa, kwahiyo ukichungulia tu dirishani hujui kitu. Ukifika nguvu ya bofoti 8 hivi, kile kipimo cha nguvu ya upepo, mamlaka za bandari zinazuia meli, na boti za mwendokasi ndio zinaanza kuzuiwa mapema kabla ya yale mameli makubwa. Basi kanuni ya kwanza, andika ukutani: usiku wa mwisho kabla ya ndege lala Athens, usilale kisiwani, hata kama hoteli ya kisiwani ni nzuri namna gani na hata kama meli ya asubuhi kwenye karatasi inawahi.

Kanuni ya pili inatokana na hiyo hiyo. Visiwa vyenye watu Ugiriki vinahesabiwa 227, ukijumlisha na vijisiwa na miamba wanasema kama 6,000, na watu wakiona hivyo wanataka wafanye vitano ndani ya wiki. Acha. Kila ukihama kisiwa unapoteza nusu siku, kufunga begi, kusubiri gatini, kushuka, kutafuta chumba. Siku 8 au 9 chukua Athens na kisiwa kimoja, ukizidisha sana viwili, na viwe njia moja ya meli. Paros, Naxos na Santorini viko kwenye mstari mmoja kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hivyo vinaungika. Rhodes na Kos viko mbali kule karibu na Uturuki, na Corfu iko upande mwingine kabisa wa nchi, magharibi, ukiona mtu kakupangia Corfu na Santorini safari moja jua kaangalia ramani kwa jicho moja.

Muda wa kwenda? Mwezi wa tano, wa sita mwanzoni, au wa tisa mpaka wa kumi katikati. Mwezi wa saba na wa nane bei juu, joto linagonga 40, na upepo nimeshasema. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili visiwa vingi hoteli zinafungwa na meli zinapungua, ila Athens yenyewe ni nzuri na haina fujo.

VIZA, MALIZA HII KWANZA

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunahitaji viza ya Schengen, yaani ya lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ya muda mfupi, inakupa mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, walio chini ya 6 hawalipi. Unaomba mapema kabisa miezi 6 kabla, na usichelewe kuliko siku 15 kabla, ingawa mtu anayengoja siku 15 anatafuta presha tu, miadi ya kipindi cha kiangazi inaisha haraka. Ubalozi wa Ugiriki kwa upande wetu huu upo Nairobi, angalia kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje wewe unatakiwa uombee wapi, maana inafuata unapoishi na sio pasipoti peke yake. Mliopo Muscat au Dubai wenye ukaazi mnaombea huko huko. Wenye vibali vya kuishi Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine za Schengen mnaenda bila viza, beba kadi yako na pasipoti, lakini aliyepo Uingereza na pasipoti yetu anaomba kama sisi.

Kama unataka kuunganisha na Italia au Ufaransa, maombi unapeleka nchi utakayolala siku nyingi zaidi, zikilingana basi ile utakayoingia kwanza. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 mbele baada ya tarehe ya kutoka na kurasa mbili tupu. Stetimenti ya benki ndio inaumiza wengi, watu wanakopa milioni kadhaa wiki moja kabla zinaingia kwa mpigo, afisa anaona wazi kabisa. Bora hela ndogo inayoeleweka inaingia kila mwezi na barua ya kazi au leseni ya biashara kuliko mlima uliota jana. Ndege fanya bukingi bila kulipa kwanza, au chukua tiketi inayorudishika.

Mpakani wameanza mfumo mpya toka Oktoba 2025, wanachukua alama za vidole na picha ya uso, kwahiyo foleni inaweza kuwa ndefu, ukiwa na ndege ya kuunganisha jiachie muda. Kutoka kwetu njia za kawaida ni kupitia Doha, Istanbul, Addis Ababa, Dubai au Cairo.

KUFIKA ATHENS

Uwanja wa ndege hauna shida. Metro ya mstari wa bluu inakupeleka Syntagma katikati ya mji kama dakika 40, tiketi euro 9. Ukifika usiku wa manane kuna basi X95 linafanya kazi masaa 24, nafuu zaidi, na X96 linaenda moja kwa moja bandarini Piraeus. Tiketi lazima uigongeshe kwenye mashine, metro kabla ya kupanda na basi ukishaingia tu, ukikamatwa hujaigongesha, faini ni mara 60 ya nauli, na hawana muda wa kusikiliza kwamba wewe mgeni. Ndani ya metro begi weka mbele kifuani, vibaka wa kule mikono laini kweli, hasa njia ya uwanja wa ndege na stesheni za Monastiraki na Omonia.

Kulala mimi napenda Koukaki, unatembea kwa miguu mpaka Acropolis, kile kilima chenye mahekalu ya kale, na bado ni mtaa wa watu wanaoishi, kuna mabibi wanapigishana stori kwenye baraza. Plaka ni pazuri ila unalipia uzuri. Omonia ni bei rahisi, mchana sawa, usiku mimi sikupapenda. Halafu kuna kodi ya mazingira ambayo haimo kwenye bei uliyoona mtandaoni, unalipa pale pale unapofika, kwa chumba kwa usiku. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi hoteli ya nyota 3 ni euro 5, nyota 4 ni 10, nyota 5 ni 15. Ukilala siku 7 hesabu unaiona.

ACROPOLIS, HAPA USIFANYE HARAKA

Tiketi nunua mtandaoni kabla, tovuti ya serikali ni hhticket.gr, ni euro 30 na unachagua saa ya kuingia. Chagua saa 2 asubuhi, ile ya kwanza kabisa. Sio kwa ajili ya picha tu. Kule juu hakuna mti, ni jiwe tupu jeupe linarudisha jua usoni, na joto likizidi kiangazi wanafunga kabisa kuanzia saa 6 mchana mpaka jioni. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuanzia Novemba mpaka Machi kuingia ni bure ila ujue na wengine wote wanajua.

Viatu. Marumaru ya kule imesuguliwa na miguu ya watu kwa miaka zaidi ya 2,000 mpaka imekuwa kama sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Nilimwona baba mmoja mzima na kamera yake shingoni kaenda chini kama mzigo, kakaa pale kwenye ngazi anacheka ila anaumia. Vaa raba zenye meno. Visigino virefu vimekatazwa, sio ushauri, ni marufuku.

Ukifika mbele ya Parthenon, lile hekalu kubwa la juu, usipige picha ukageuka. Sogea uangalie nguzo moja. Utaona mawe ya rangi mbili, mengine yamegeuka kama rangi ya asali na mengine meupe pee kama yamekatwa jana, na kweli haya meupe yamekatwa karibuni, kutoka mlima ule ule wa Penteli waliotoa mawe ya zamani. Matengenezo yameanza 1975 mpaka leo hayajaisha. Sababu mojawapo ni kwamba mafundi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walifunga mawe kwa vyuma vya kawaida, vyuma vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru kutoka ndani. Wa sasa wanatumia titani. Yaani jengo lilijengwa kati ya 447 na 432 kabla ya Kristo, miaka 15 tu, na kulitengeneza kumechukua nusu karne na ushee.

Na kilicholivunja sio uzee. Lilikuwa hekalu la Athena, likawa kanisa, Waosmani walivyochukua nchi likawa msikiti, halafu 1687 wakati wa vita na Venice wakaweka humo baruti, kombora likatua, katikati yote ikaruka. Baadaye tena Lord Elgin, balozi wa Uingereza, akabeba sanamu nyingi zikaenda London, Wagiriki wanazidai mpaka leo. Wale wanawake sita wa mawe waliobeba paa kwenye hekalu jingine la pembeni ni nakala, wa kweli watano wako kwenye jumba la makumbusho chini ya mlima, na nafasi ya wa sita wameiacha wazi makusudi maana yupo London. Hilo jumba tiketi yake ni nyingine, lipia tu. Sisi ambao vitu vyetu pia viko kwenye makabati ya Ulaya ile nafasi wazi inatugusa zaidi, mimi nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia.

Ukishuka, upande wa kutokea kuna jiwe kubwa la bure kabisa, linaitwa Areopago. Wasomaji wa Biblia hapo ndipo Matendo 17, Paulo anawaambia watu wa Athene ameona madhabahu imeandikwa KWA MUNGU ASIYEJULIKANA. Chini ya jiwe kuna bamba la shaba lina hotuba yote kwa Kigiriki. Panda kwa zile ngazi za chuma, za mawe zinateleza kuliko kule juu. Kaa pale jioni uangalie mji unavyowasha taa.

Na kama hizo habari zinakugusa, ongeza siku moja ya Korintho. Ni kama kilomita 80 kutoka Athens, unapita juu ya mfereji uliofunguliwa 1893, mwembamba hadi unajiuliza meli inapitaje, halafu kwenye magofu unaonyeshwa jukwaa la mawe ambapo Paulo alisimamishwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi. Pembeni yake ni maduka tu ya zamani, vibanda vya mawe. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye kundi, Mkenya wa Kisumu, alisoma Wakorintho wa kwanza 13 kwa sauti pale pale kwa Kiswahili na watalii wa Kijerumani wakakaa kimya wakisikiliza. Patmo, kile kisiwa cha Ufunuo, nayo ipo, ina pango na monasteri iliyoanzishwa 1088, ila haina uwanja wa ndege na meli kutoka Piraeus ni kama masaa 8, hiyo ifanye safari ya peke yake.

MELI

Piraeus unafika kwa metro. Bandari ni kubwa, mageti yanaanzia E1 mpaka E12 na kutoka moja hadi jingine sio hatua mbili tatu, kwahiyo angalia geti lako siku moja kabla, na ufike saa nzima kabla. Kuna basi la bure ndani ya bandari kwa mageti ya mbali.

Mimi nakushauri meli kubwa ya taratibu, usichukue ya mwendokasi. Ni nusu bei au karibu na hapo, haitikisiki sana, na unakaa juu kwenye deki unaona visiwa vinakuja kimoja kimoja. Naxos ni masaa 5 hivi, Santorini 8 hivi. Krete wengi wanapanda usiku wanaamka wamefika. Chakula beba chako, pai ya jibini kutoka kwenye bekari na maji, mle ndani kahawa tu inakula hela. Kama tumbo lako halipendani na mawimbi meza dawa kabla ya kuondoka, ukishaanza kutapika umechelewa.

Kushuka ndio kunachanganya wageni. Ukiingia chini kule kwenye magari utaona mashelfu yana majina ya visiwa, weka begi kwenye shelfu ya kisiwa chako, usiweke kwingine. Wakitangaza kisiwa chako shuka mapema usimame na wenzako mbele ya ule mlango mkubwa. Mlango unaanza kushuka meli bado inarudi nyuma kuelekea gati, unaona mwanga unaingia kutoka juu, maji yanachemka, mabaharia wanapiga filimbi, malori yanawasha injini nyuma yenu, halafu mlango unagusa saruji na wote mnatoka kwa mpigo, watu, pikipiki, bibi na kuku wake. Dakika chache tu meli imeshaondoka. Ukichelewa utashukia kisiwa kinachofuata.

KISIWA GANI

Kwa mara ya kwanza Naxos, pamoja na yaliyonikuta. Ni kikubwa, kina mashamba, viazi vyao ni maarufu nchi nzima, bei za kibinadamu, fukwe ndefu za mchanga, na pale bandarini kuna mlango mmoja wa marumaru umesimama peke yake kama urefu wa mita 6, wa hekalu lililoanzwa karne ya 6 kabla ya Kristo halikuisha. Mabasi yanazunguka vijijini. Ukitaka kukodi pikipiki au gari nenda na leseni ya kimataifa kutoka nyumbani.

Santorini sikatai, ni pazuri kweli, lakini jioni pale kijijini Oia unaangalia jua likizama katikati ya simu 1,000 zilizonyanyuliwa juu. Ukienda usiache Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano miaka kama 3,600 iliyopita, nyumba za ghorofa, mitungi bado imesimama, na maiti hazikukutwa, inaonekana watu walishtuka mapema wakakimbia.

Hydra ni ya siku moja kutoka Piraeus. Magari hayaruhusiwi, mizigo inabebwa na punda, friji, magodoro, saruji, kila kitu. Mtu wa Lamu akishuka pale atatafuta tu harufu ya halua.

Delos ni kisiwa kitupu chenye magofu, unaenda kwa boti kutoka Mykonos na msimu wa joto hata kutoka Naxos, kulala hairuhusiwi. Zamani walikiona kitakatifu mpaka wakakataza watu kuzaliwa au kufa pale, mgonjwa na mwenye mimba wanapelekwa kisiwa cha jirani. Beba kofia na maji, kivuli hakuna.

TUMBO NA MENGINE

Chakula cha bei rahisi ni pita gyros, mkate umefungwa nyama, nyanya, chipsi na mtindi wenye kitunguu saumu. Waislamu angalieni, ukisema gyros tu mara nyingi unapewa nguruwe. Nguruwe ni hirino, kuku ni kotopoulo, uliza na hilo jina. Halali kabisa utapata mitaa ya Omonia kwa Wapakistani na Wabangladeshi, na msikiti rasmi wa Athens upo Votanikos, ulifunguliwa 2020 baada ya kusubiriwa miaka na miaka. Kisiwani samaki na pweza vinakuokoa. Pweza wanaanikwa kwenye kamba kama nguo halafu wanachomwa, ni mgumu kidogo kuliko wetu wa Forodhani lakini na ndimu anashuka. Samaki wazima wanauzwa kwa kilo, mwambie akupimie mbele yako aseme bei kabla hajamtia motoni.

Maji ya chupa ndogo kwenye kibanda ni senti 50, bei imewekwa na serikali, akikutajia zaidi nenda kibanda cha pili. Athens maji ya bomba yanafaa kunywa, visiwa vingi vidogo hapana. Na chooni karatasi inatupwa kwenye kindoo pembeni usiitupe kwenye sinki la choo, mabomba yao membamba, ukiziba hoteli nzima itakujua.

Lugha, Kiingereza kinakutosha, ila jua kwamba "ne" kwao ni ndiyo na "ohi" ni hapana. Akinyanyua kichwa juu na kugonga ulimi, hiyo pia ni hapana. Na viganja vyenu viangalieni. Siku ya kwanza Athens tulikuwa watu watano, mimi ndio mwagizaji, kelele nyingi dukani, nikamnyooshea muuzaji kiganja chote vidole vitano wazi, nikimaanisha pita tano. Foleni yote ikanyamaza. Kumbe kule kumwonyesha mtu kiganja hivyo ni tusi zito. Yule mzee akaniangalia, akaangalia wenzangu, akatoka nyuma ya meza, akanishika mkono akaugeuza kiganja kinitazame mimi mwenyewe, akasema "pende, pende", yaani tano, akarudi kukata nyama huku anacheka na mabega.